Msikilizaji Aliyekosa Neno Moja

Niliporudi Kigoma na stashahada yangu ya elimu ya sauti, mtu wa kwanza kuniuliza maana yake alikuwa mama mmoja muuza samaki wa Katonga. Nilimweleza vizuri tu: sauti inavyotoka, inavyosafiri, inavyogonga ukuta na kurudi, na namna ya kuipima na kuisafisha kwa mashine. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akipanga migebuka yake juu ya meza, kisha akasema, "Kwa hiyo umekaa Ulaya miaka yote hiyo unasomea kelele? Si ungebaki hapa, mwanangu, tunazo bure."

Wanunuzi wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nilijua nilichokuwa nacho mkononi. Katika mtaa wetu wa Kasingirima hapakuwa na mtu mwingine mwenye stashahada hiyo, na sidhani kama mkoa mzima ulikuwa naye. Tena sikuipata kwa mjomba mwenye cheo wala kwa barua ya chama. Nilianza kwa kufungua redio zilizokufa, nikazifufua. Nilisoma masomo ya posta kwa mwanga wa kibatari, nikafanya kazi ya kukwangua kutu melini mpaka nikafika nchi za baridi, na huko nikaosha masufuria katika jiko la hospitali mchana ili jioni nikae darasani. Waliokuwa wakinicheka kwa lafudhi yangu wakati wa kuanza, wakati wa mitihani walikuwa wakiniomba niwaeleze hesabu za mawimbi. Haya nayasema kwa sababu ni kweli.

Nilirudi na sanduku la bati. Ndani yake mlikuwa na kipima sauti, maikrofoni mbili na tepurekoda. Nilidhani nitaanza maisha ya mtafiti mara moja. Nilikuta mji umejaa watu. Ilikuwa ile miaka ambayo boti zilikuwa zikishusha wakimbizi karibu kila siku, kutoka Burundi na kutoka ng'ambo ya Kongo, na kila mwenye ua alikuwa na wageni.

Kazi niliipata kwa Daktari. Huyu alikuwa mtafiti kutoka chuo kikuu, mwenyeji wa Moshi, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Alikuwa amekuja kupima ziwa kwa sauti. Mashine yake ilipeleka mlio chini ya maji, ikasubiri urudi, na kwa namna ulivyorudi yeye alijua kina kilivyo na dagaa wamekaa wapi. Shida yake ni kwamba watu walisikia neno daktari na neno sauti wakayaunganisha wenyewe. Asubuhi wanawake walimletea watoto wenye vikohozi. Imamu mmoja alikuja akiwa amepoteza sauti, akaketi kwa adabu na kufungua kinywa. Daktari alichungulia, akampa shauri la maji ya moto na chumvi, na imamu akapona. Baada ya hapo foleni haikuisha.

"Watafiti wa sauti nchi hii," aliniambia siku ya kwanza, "tunaenea kwenye mkeka mmoja, na nafasi inabaki. Una shahada?"

"Stashahada, Daktari. Nimepita kwa daraja la juu."

"Basi wewe ni fundi. Nitakuajiri kama fundi."

Neno hilo lilinichoma, lakini niliikubali kazi. Nilitaka kujua mashine yake inafanyaje kazi kuliko nilivyotaka kubishana. Kumbe boti yetu ya utafiti ilichukuliwa wiki ileile kwenda kubeba wakimbizi, tukabaki nchi kavu na mashine zetu. Ndipo ofisi ya misaada ikatuita, maana ilikuwa na vipaza sauti ambavyo havikusikika.

Hali ilikuwa hivi. Kipindupindu kilikuwa kimeingia, kwa hiyo wakimbizi walioshuka sehemu tofauti waliwekwa sehemu tofauti na hawakuruhusiwa kuchanganyika: wengine katika mabohari mawili karibu na bandari, wengine katika uwanja wa shule. Kati ya sehemu hizo palikuwa na kamba, chokaa chini, na mgambo. Familia zilizopotezana ziwani zilitafutana kwa vipaza sauti. Unampa karani jina la unayemtafuta, karani anasoma majina asubuhi na alasiri, waya zinapeleka sauti kote, na anayeitwa anajitokeza kwa mgambo wake. Baada ya hapo malori yangewachukua watu kambini, na hayakuwa yakienda kambi moja. Aliyepanda lori la Kasulu na aliyepelekwa Kibondo wangeweza kukaa mwaka mzima bila kujua kama mwenzake yu hai.

Karani alikuwa mtu wa Tanga, mwenye sauti nzuri na mwenye kujua kuwa anayo. Alisoma majina kama anasoma taarifa ya habari. Lakini ndani ya mabohari, chini ya mabati, sauti yake ilikuwa ikijikanyaga yenyewe. Kabla neno moja halijafa, jingine limeshafika juu yake. Yeye alipoona watu hawaji, aliongeza nguvu ya amplifaya, na ikawa mbaya zaidi.

Hapo nilionyesha nilichosomea. Nilichukua vipande viwili vya mbao nikavigonga mara moja katikati ya bohari, nikarekodi mlio na namna ulivyochukua muda kufa. Nikagonga tena pembeni, tena karibu na mlango. Watoto walinifuata wakidhani ni mchezo. Kisha nikashusha vipaza sauti chini, hata vya uwanja wa shule, nikavielekeza kwenye vichwa vya watu badala ya mabati, nikaomba maturubai na mablanketi yatundikwe kwenye kuta za mwisho, na nikapunguza nguvu ya amplifaya.

"Umepunguza!" karani alilalamika. "Watu hawasikii, wewe unapunguza?"

"Bwana mkubwa, wewe soma. Soma polepole, acha pengo kati ya jina na jina."

Alisoma. Alasiri ile watu walianza kujitokeza kwa mgambo mmoja baada ya mwingine, wake kwa waume, wengine wakilia. Karani aliniangalia, akaniita fundi, kisha akajirekebisha akaniita mtaalamu. Nilimwona Daktari akinakili vipimo vyangu.

Wengi walipatikana, lakini mtu mmoja hakujitokeza.

Aliyekuwa akimtafuta alikuwa mwanamke kijana wa Burundi, wa vijiji vya milimani juu ya ziwa, aliyekaa bohari la pili. Kila asubuhi alikuwa mbele ya meza ya karani kabla karani hajafika. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini Kirundi na Kiha chetu vinasikilizana, kwa hiyo mimi nilimwelewa. Wakati wa kukimbia, boti zilikuwa zimejaa. Baba mkwe wake alimchukua mjukuu, bintiye huyu mama, mtoto ambaye alikuwa ndiyo kwanza anaanza kupanga maneno, akapanda naye boti ya kwanza. Mama akaja na ya pili. Boti hizo hazikushukia mahali pamoja. Habari za mume hakuzitaja, na hakuna aliyemuuliza.

"Nimemwita huyo mzee mpaka koo limekauka," karani alimwambia. "Mama, huyo mtu hayupo hapa."

"Yupo."

"Umemwona?"

"Nilimwona akipanda. Ana mtoto wangu. Mwite tena."

Malori yalikuwa yanakuja Ijumaa. Kila mtu pale alijua, na yeye alijua zaidi ya wote.

Daktari alifikiri kama anavyofikiri mtafiti. Alisema huenda kuna mahali sauti haifiki vizuri, kona fulani ambapo mawimbi mawili yanakutana na kuuana, na mzee huyo amekaa hapohapo. Akapendekeza tufanye jaribio la kusikia. Ni kazi ya kawaida katika elimu yetu. Unaandaa maneno mepesi ya lugha ya wasikilizaji, unayasoma kwenye maikrofoni, na msikilizaji aliyekaa mahali fulani anarudia alichosikia. Neno linalokosewa linakuambia ni sehemu gani ya sauti imepotea njiani, na kiti ambapo makosa ni mengi kinakuambia kona mbovu iko wapi.

Maneno niliyachagua mimi, kwa kuwa Daktari hakujua Kirundi na karani hakujua chochote cha upande wetu. Nikaweka ng'ombe, nyumba, njia, chumvi, moto, jua, mvua na mengine ya namna hiyo, ambayo hata mtoto anayajua. Wasikilizaji tuliwapata kila sehemu, na katika bohari la pili yule mama alijitolea mwenyewe. Alisema anataka asikie kwa masikio yake kama sauti inafika kila mahali. Tulimhamisha kutoka kiti hadi kiti: karibu na mlango, katikati, kwenye ukuta wa mwisho, chini kabisa ya kipaza sauti.

Alikuwa msikilizaji mzuri kuliko wote. Alirudia kila neno bila kusita, isipokuwa moja. Niliposoma neno la mvua, imvura kwao, yeye alijibu kwa maneno mawili yenye maana ya vitu vya angani.

Niliandika kosa. Alipohamia kiti kingine, likawa kosa lilelile. Hata pale chini ya kipaza sauti, ambapo mtu angeweza kusikia karani akimeza mate, alisema tena vitu vya angani.

Jioni tukakaa barazani na matokeo. Uwanja wa shule ulikuwa safi. Mabohari yote mawili yalikuwa safi. Hapakuwa na kona mbovu hata moja, jambo ambalo mimi nilikuwa nimeshalisema tangu mwanzo.

"Huyu wa bohari la pili mtoe," Daktari alisema. "Anaharibu wastani. Labda hajui neno lile."

"Mrundi asijue mvua, Daktari?"

"Basi labda ana kasoro ya sikio. Mtoe tu. Ndivyo tunavyofanya."

Nilikataa. Ilikuwa mara ya kwanza kumkatalia. Nilimwambia kosa la sikio hubadilika, kwa kuwa karibu linapungua na mbali linaongezeka. Kosa la ukumbi hubadilika kwa kiti. Hili halikubadilika popote. Kitu kisichobadilika popote hakitoki kwenye bati wala kwenye waya wala kwenye sikio. Kinatoka kwa mtu mwenyewe, na anakifanya kwa makusudi.

"Kwa nini mtu akusudie kukosea mvua?" aliuliza. Nilimwona amekaa sawa kwenye kiti chake. Hilo ndilo nililompendea, hoja ikiwa nzuri hakujali imetoka kwa nani.

Swali lile lilinitekenya siku nzima iliyofuata. Nilirudia mkanda wa majibu yake mara nyingi. Nilisikiliza neno moja kabla na neno moja baada. Kabla ya kusema vitu vya angani alikuwa akinyamaza kidogo, na katika unyamavu ule mlikuwa na pumzi ya mtu anayelikwepa shimo njiani. Pumzi ile niliwahi kuisikia, na haikuwa Ulaya. Niliisikia jikoni kwetu.

Mama yangu alitoka upande wa Kidahwe akaolewa Ujiji, huku kwetu Kasingirima. Maisha yake yote hakuwahi kutamka neno ng'ombe kwa Kiha. Alisema wenye pembe. Nyama ya ng'ombe ilikuwa nyama ya wenye pembe, na maziwa pia. Mimi nilikua nikidhani ni mazoea yake tu, mpaka shangazi aliponieleza kuwa jina la babu yangu, yaani mkwe wake, lilikuwa na ng'ombe ndani yake. Kwao mke hamtaji baba mkwe. Hataji jina lake, na neno lililomo ndani ya jina nalo hulikwepa, hulitafutia jingine. Mama alikuwa akifanya hivyo hata babu alipokuwa ameshakufa.

Nilitoka mbio kwenda bohari la pili, nikamkuta amekaa na wenzake wakichambua maharage. Mambo haya mwanamume hayaulizi ovyo. Nikachuchumaa mbali kidogo.

"Dada, kwenu masika yakianza, mnasema nini kinanyesha?"

Wenzake wakaanza kucheka kabla yake. Mmoja akamsukuma kwa kiwiko.

"Vya angani," alisema, akitazama maharage.

"Na wenzako hawa?"

"Wao wanasema wanavyosema. Hawakuolewa nilikoolewa mimi."

"Kwa hiyo karani alipokuuliza jina la baba mkwe wako, ulimwambia nini?"

Alinitazama kama ninamuuliza kitu kisicho na akili. "Nilimwambia ninavyoweza kusema."

Alikuwa amempa karani jina lililogeuzwa, neno la mvua limetolewa na vitu vya angani vimewekwa mahali pake. Karani wa Tanga aliandika kama alivyosikia, akalisoma kwa ile sauti yake nzuri asubuhi na alasiri. Yule mama hakusema uongo. Wanawake wa nyumbani kwake wangejua anamsema nani.

"Basi nitaje mimi," nilimwambia. "Wewe usiseme kitu. Nikikosea, endelea na maharage."

Majina yenye mvua ndani yake kwa watu wa milima ile si machache. Nilitaja la kwanza, akaendelea kuchambua. Nilitaja la pili, mwenzake akasema, "Huyo ni wa kwetu sisi, alishakufa," wakacheka wote. La tatu, akachambua. Nilipotaja la nne alivuta kanga akafunika uso wote, na maharage yakamwagika chini.

Nilirudi kwa karani nikamweleza.

"Kwa hiyo siku zote hizi," alisema polepole, "mimi nilikuwa namwita nani?"

"Mtu ambaye hajazaliwa."

"Na nimemwita vizuri!" Aliumia kweli. Alivuta maikrofoni, akakohoa, akalisoma jina la nne, akaacha pengo, akalisoma tena.

Daktari alikuwa amesimama mlangoni. Aliuliza kama nimeandika jambo hili mahali popote. Nikamwambia bado. "Andika," akasema. "Andika wewe, uweke jina lako. Mimi nitaongeza hesabu." Hakuniita fundi tena, siku ile wala baadaye, na safari yangu yote ya utafiti wa sauti za watu ilianzia kwenye sentensi ile. Wenzangu wengi wameishi kwa kupima mashine na kuta. Mimi nilikwenda upande wa anayesikiliza. Vijana walionifuata katika kazi hii, baadhi yao sasa wana shahada za juu kuliko yangu, huanza kwa kusoma nilichoandika mwaka ule.

Lakini wakati ule kuandika kulisubiri. Tulikuwa tunatazama njia ya uwanja wa shule. Mgambo alikuja peke yake.

"Kuna mzee kule anafanya fujo," alisema. "Anataka kujua nani kamtangaza."

Tulikwenda wote, mama yule mbele yetu, mpaka kwenye kamba. Upande wa pili alisimama mzee mwembamba mwenye koti lisilo na vifungo, na kwenye mkono wake alikaa mtoto wa kike akila kiazi. Mama alipiga goti palepale kwenye chokaa. Hakumtazama mkwe wake usoni. Alinyoosha mikono tu, na mtoto, bila kuacha kiazi, akapiga kelele ambayo kipima sauti changu kisingeipima sawasawa.

Afisa afya aliyelinda kamba ile alianza kusema habari za siku za kungojea kabla mtu hajavuka. Daktari alimgeukia. "Mtoto huyu amekaa kule bila ugonjwa tangu waliposhuka, sivyo? Basi mpitishe." Alisema kwa sauti ya mtu anayeitwa Daktari, na afisa afya, ambaye naye labda alidhani kama mji mzima, akainua kamba.

Mzee aliendelea kuwa mkali.

"Nani amelitaja jina langu mbele ya watu wote hawa? Ni huyu?"

"Si mimi, data," alisema mama kwa neno lao la baba, uso wake umezama shingoni mwa mtoto.

"Ni mimi, mzee," nikasema. "Shikamoo. Mkweo hakufungua kinywa. Nililitafuta mwenyewe."

Alinipima kwa macho tangu kichwani hadi viatuni. "Marahaba. Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamwambia kwetu Kasingirima, na mama yangu mtu wa Kidahwe. Akaitikia kwa kichwa, akalainika kidogo.

"Mlikuwa hamsikii matangazo, mzee? Sauti ilikuwa haifiki?"

"Inafika! Tangu walipoinamisha yale mabomba ya kutangazia, nasikia kila neno. Kuna mwenzetu mmoja anaitwa asubuhi na jioni, hajitokezi. Mimi na wenzangu tulikuwa tunamwonea huruma. Tukasema, maskini, watu wake watapanda malori bila yeye. Mimi wangu nilidhani bado wako ng'ambo."

Karani aliangalia pembeni. Kisha akakumbuka kazi yake, akasogea na kalamu, kwa kuwa familia ikishaonana huandikwa lori moja. Aliuliza jina la mkuu wa familia. Alimuuliza mama, kwa mazoea. Mama akambana mtoto kifuani.

"Muulize mwenyewe," nilimwambia karani.

Mzee alijinyoosha. Alilitaja jina lake lote, na la baba yake, na la kilima alichotoka, kwa sauti ambayo haikuhitaji waya. Karani akaandika, akamsomea tena taratibu ili kuhakikisha. Mzee akasahihisha kidogo. Karani akasoma mara ya pili, na wakati wote huo yule mama alikuwa amemgeuza bintiye upande wa ziwa, akimuuliza kwa sauti ndogo kama alikula, na nani alimsuka.